Mgongo wa Askari wa Zimamoto: Hotuba kwa Askari na Maofisa, Moshi

Mheshimiwa mgeni rasmi. Kamanda wa Zimamoto na Uokoaji wa mkoa wetu. Maofisa, wakaguzi, sajini, koplo na askari wote, wa zamu ya leo na ninyi mliokatisha mapumziko yenu. Walimu na wanafunzi wa fiziotherapia mlioshuka kutoka hospitali ya KCMC. Ndugu zangu wa Moshi: nawasalimu nyote kwa heshima.

Tumekutana katika wiki ya Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, inayoadhimishwa duniani tarehe 28 Aprili, na siku chache mbele yetu, tarehe 4 Mei, ni siku ya kimataifa ya wazimamoto. Mimi ni mfiziotherapia. Napokea watu walioumia viungo na misuli, wengi wao kazini, na kazi yangu ni kuwasaidia warudi walikotoka. Nimeombwa nieleze jinsi sayansi ya mwendo wa mwili inavyoweza kumkinga askari wa zimamoto asiumie. Ninachokiamini nitakisema mapema, ili tusipoteze muda: nguvu za askari, hata ziwe nyingi kiasi gani, hazitoshi kumkinga. Kinachomkinga ni namna anavyouendesha mwili wake akiwa amebeba mzigo, amechoka na ana haraka. Namna hiyo inafundishika, tena hapa hapa kituoni.

Mwananchi akisikia kwamba mzimamoto ameumia, mawazo yake yanakwenda kwenye miali ya moto na paa lililoporomoka. Ninyi mnajua zaidi. Wengi wanaolala kwenye kitanda cha fiziotherapia hawana malengelenge. Wana kiuno kilichokataa kunyooka tangu siku ya kubeba machela kutoka bondeni. Wana goti lililovimba baada ya kuruka kutoka kwenye gari, bega linalouma kila mkono ukipanda juu ya kichwa, kifundo cha mguu kilichoteguka gizani kwenye mfereji kule Kibosho. Marekani, ambako NFPA, shirika la kinga dhidi ya moto, limehesabu mambo haya kwa miongo mingi, wazimamoto zaidi ya 60,000 waliumia kazini mwaka 2021, na mwaka 2022 hali haikuwa nafuu. Mwaka hadi mwaka, kundi kubwa kuliko yote ni la kuteguka, kuvutika na maumivu ya misuli. Kuungua ni sehemu ndogo ya hesabu hiyo.

Sasa tuangalie mwili wenyewe. Naomba koplo mmoja asogee mbele. Afande, shika mtungi huu wa hewa, uushikilie mbele yako mikono ikiwa imenyooka. Asante. Sasa uvute hadi kifuani. Mmeona sura yake ilivyobadilika? Mtungi haukupungua uzito.

Hesabu yake ni rahisi. Misuli inayoushikilia mgongo wa chini iko nyuma ya pingili, karibu sana nazo, sentimita kama 5 tu. Mzigo uko mbele. Ukishika kilo 20 sentimita 50 mbele ya uti wa mgongo, misuli hiyo inalazimika kuvuta kwa nguvu ya karibu kilo 200 ili usianguke kifudifudi, na hapo sijahesabu uzito wa kiwiliwili chako wala mavazi ya kazi. Ukisogeza mzigo ule ule hadi sentimita 25, zile 200 zinakuwa 100. Diski zilizo kati ya pingili ndizo zinazobanwa na mvuto huo wote. Ndiyo maana NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, iliweka kilo 23 kuwa kikomo cha kunyanyua kwa mikono, tena pale ambapo mambo yote ni mazuri: mzigo uko karibu na mwili, uko usawa wa kiuno, una pa kushika, na mnyanyuaji hajipindi.

Mambo hayo mazuri yako wapi kwenye tukio? Mpira wa milimita 45 ukijaa maji unabeba takriban lita 1.6 kwa kila mita. Mita 20 ni kilo 32 za maji peke yake. Ule wa milimita 70 unafika kilo 77 kwa urefu huo huo. Mshika nozo anayetoa lita 500 kwa dakika kwa shinikizo la baa 7 anasukumwa nyuma kwa nguvu ya karibu kilo 30, na haimwachi hata sekunde moja mpaka valvu ifungwe. Juu ya hayo ana buti, suti, kofia, mtungi na barakoa, ambavyo kwa pamoja hufika kilo 20 na zaidi. Halafu anapita kwenye korido ya soko la Mbuyuni iliyojaa marobota, anageuka nusu, anavuta mpira uliokwama kwenye kona. Huko kugeuka nusu huku unavuta ndiko kunakonipa wasiwasi kuliko kitu kingine chochote mnachofanya.

Kuhusu nguvu, najua wengi wenu mnajivunia mwili, na mna haki. Lakini kuna utafiti ambao kila mkufunzi wa mazoezi katika jeshi hili angepaswa kuufahamu. Watafiti wa Canada, akiwemo David Frost, pamoja na Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo ambaye ametumia maisha yake yote kuchunguza uti wa mgongo, walifanya kazi na wazimamoto 52 wa mji wa Pensacola, Florida. Waliwagawa katika makundi matatu. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kujenga mwili kwa wiki 12, kama tunavyoyajua: nguvu, pumzi, ustahimilivu. Kundi la pili lilifanya mazoezi kwa muda huo huo, ila mkufunzi alikuwa akisahihisha mwendo katika kila zoezi: mgongo uko wapi, goti linaelekea wapi, bega limekaa vipi. Kundi la tatu halikufundishwa.

Baada ya wiki 12, makundi yote mawili yaliyofanya mazoezi yaliongezeka nguvu na pumzi. Hapo hakuna aliyeshangaa. Kisha wakapewa kazi ambazo hawakuzizoea mazoezini, kazi za kunyanyua, kusukuma na kuvuta, huku kamera zikipima kila kiungo. Waliodhibiti mgongo na magoti vizuri zaidi kuliko mwanzo ni wale wa kundi la pili tu. Wenzao walikuwa wamepata mwili wenye nguvu zaidi unaosogea kwa makosa yale yale. Walifanya kazi ile ile, wakatoka jasho lile lile. Tofauti ilikuwa jicho la mkufunzi na mdomo wake. Utafiti huu uliupima mwendo, haukuhesabu majeraha ya miaka iliyofuata, kwa hiyo nisiwape zaidi ya kilichomo ndani yake. Kwangu mimi unatosha kubadilisha namna tunavyosimamia mazoezi ya asubuhi.

Majeraha yenyewe yalihesabiwa Tucson, Arizona. Huko wazimamoto 433 walipimwa mwendo, kisha wakafundishwa kuimarisha misuli ya kiuno na tumbo na kutumia mwili vizuri kazini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007: katika miezi 12 idadi ya majeraha ilipungua kwa asilimia 42, na siku za kazi zilizopotea kwa sababu ya majeraha zilipungua kwa asilimia 62. Walilinganishwa na miaka iliyotangulia, si na kundi lingine lililopimwa wakati huo huo, na hiyo inapunguza uzito wa ushahidi kidogo. Hata tukikata tarakimu hizo nusu, ndugu zangu, ni askari wangapi wangekuwa wamesimama leo?

Mnaniuliza: mwendo sahihi ni upi basi? Nitaanza na nyonga, kwa sababu huko ndiko mengi yanakoharibikia. Nyonga ni bawaba ya mwili. Imezungukwa na misuli mikubwa kuliko yote tuliyonayo, imeumbwa ikunje na ikunjue chini ya mzigo. Pingili za kiuno zimeumbwa zishikilie. Askari anayeokota mpira chini kwa kukunja kiuno ameipa kazi ya nyonga sehemu ambayo haikuumbiwa kazi hiyo. Mara moja hataumia. Mara mia huenda asiumie. Diski hupasuka nyuzi zake taratibu, mkunjo baada ya mkunjo, na siku inapokubali kushindwa mtu anaweza kuwa anaokota kalamu. Ndiyo maana wagonjwa huniambia, "Sikuwa nimebeba kitu kizito." Ni kweli hakuwa amebeba. Alikuwa amebeba jana na juzi.

Njia ya kujifunza ni mpini wa fagio. Uweke nyuma yako, mkono mmoja ushike juu ya shingo na mwingine chini ya kiuno, ili mpini uguse kisogo, kati ya mabega, na mfupa wa juu ya makalio. Sasa sukuma makalio nyuma, magoti yakikunja kidogo, kifua kikishuka mbele. Mpini ukiachana na sehemu yoyote kati ya hizo tatu, umeanza kukunja mgongo. Simama, anza tena. Mkiweza hivyo bila mzigo, fanyeni na ndoo ya maji, kisha na roli la mpira, kisha na machela mkiwa wanne, kisha na mavazi yote baada ya kupanda ngazi mara kadhaa na pumzi zikiwa juu. Huko mwisho ndiko kwenye mtihani. Mwendo mzuri wa mtu aliyepumzika hauna faida kubwa kwa mtu atakayefanya kazi akiwa hoi.

Goti nalo lina amri moja: lifuate vidole vya mguu. Mwangalieni mwenzenu akipanda ngazi akiwa na mtungi mgongoni, mkiwa mbele yake. Goti likiingia ndani kuelekea goti jingine kila anapokanyaga, hapo kuna tatizo linalosubiri siku yake. Mara nyingi dawa si goti, ni misuli ya pembeni ya nyonga iliyolala.

Kuna zoezi moja ambalo naomba tuliache, na najua nitawaudhi wakufunzi wa zamani. Ni sitapu. McGill alipima na kukuta kwamba sitapu moja ya kawaida inabana uti wa mgongo kwa takriban nyutoni 3,300 (nyutoni ni kipimo cha nguvu). NIOSH wao waliweka nyutoni 3,400 kuwa kiwango ambacho kazi ya kunyanyua ikikivuka, lazima hatua zichukuliwe. Tunamfikisha askari ukingoni mwa kikomo cha hatari, mara hamsini mfululizo, alfajiri, halafu tunasema tumemwimarisha. Tumbo la mzimamoto kazi yake kubwa ni kuzuia kiwiliwili kisipinde wakati mikono na miguu inafanya kazi. Basi lifundishwe kuzuia. Alalie viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka. Alalie kiwiko kimoja, ubavu juu. Apige magoti, aweke viganja chini, anyooshe mkono wa kulia na mguu wa kushoto bila kiuno kuyumba, kisha abadilishe. Abebe ndoo moja ya mchanga mkono mmoja na kutembea wima uwanja mzima bila kuinama upande. Hilo la ndoo ni zoezi zuri kuliko linavyoonekana. Mchakamchaka ubaki. Pushapu zibaki. Sitapu ziende.

Nimetaja alfajiri kwa makusudi. Mtu akilala, diski zake hunyonya maji na kuvimba. Ndiyo sababu asubuhi sote tu warefu kidogo kuliko jioni. Diski iliyojaa hivyo, ikikunjwa, hupata msukosuko mkubwa zaidi kuliko diski ile ile mchana. Mwaka 1998 mtafiti Stover Snook na wenzake walionyesha kwamba watu wenye maumivu sugu ya kiuno walipata nafuu kwa kujizuia tu kuinama katika saa za mwanzo baada ya kuamka. Sasa fikirieni simu ya dharura ya 114 saa tisa usiku. Askari anatoka usingizini, anainama chini kabisa kuvuta suruali na buti, anapanda gari, anakaa amejikunja na mtungi mgongoni kwa dakika ishirini za barabara ya Uru, anashuka, na kitu cha kwanza anachofanya ni kuinama kunyanyua. Ukiniambia nibuni njia ya kuumiza mgongo wa binadamu, sitapata iliyo bora kuliko hiyo.

Kazi haingoji, nalijua. Simuombi mtu yeyote achelewe. Buti na suruali vipangwe juu ya benchi au ukingo, askari avivae kwa kukaa na kukunja nyonga, mgongo ukiwa wima. Ndani ya gari akae ameegemea, si kujikunja. Akishuka, kabla ya kugusa kitu, asimame wima, avute pumzi moja ndefu mikono ikiwa juu, huku anasikiliza maelekezo ya kiongozi wa kikosi. Maelekezo hayo mnayatoa hata hivyo. Sekunde zile zile zitumike mara mbili.

Na kushuka kwenyewe. Watafiti wa Québec, Canada, walipima mguu unavyopigwa mzimamoto anaposhuka kutoka kwenye gari. Aliyeshuka akiangalia barabara alipata kishindo kikubwa kuliko aliyegeuka akaliangalia gari na kushika vishikizo, kama tunavyoshuka ngazi. Hili ni jambo dogo kuliko yote niliyosema, halina gharama yoyote, na nadhani ndilo litakalookoa magoti na vifundo vingi zaidi katika kituo hiki. Mkono mmoja kwenye chuma mpaka mguu wa pili uguse ardhi. Kiongozi wa zamu akiona mtu anaruka, amwambie hapo hapo, kwa upole, kila mara.

Kuna watakaonishauri tuwapime askari wote mwendo na kuwapa alama. Kipimo kinachojulikana zaidi kina majaribio saba, kila jaribio alama tatu, jumla 21. Kina faida kama njia ya kufungua mazungumzo kati ya askari na mkufunzi. Lakini Frost na wenzake waliwapima wazimamoto, kisha wakawaeleza tu kinachotafutwa katika kila jaribio, wakawapima tena pale pale. Alama zilipanda. Mwili haukubadilika ndani ya dakika chache; kilichobadilika ni ufahamu. Kwa hiyo, Kamanda, nakuomba kwa heshima zote: alama hizi zisitumike kamwe kumpandisha mtu cheo wala kumwondoa kazini. Siku askari watakapohisi kwamba maumivu yao yataandikwa kwenye faili la kuwahukumu, watanyamaza. Na askari anayenyamaza na maumivu ya kiuno hubadilisha mwendo bila kujua, anaegemea upande mmoja, na jeraha la kwanza linazaa la pili.

Niseme kuhusu mlima, kwa sababu sisi wa Kilimanjaro tuna moto ambao vituo vingine havina. Oktoba 2020 moto ulianza eneo la Whona, kwenye njia ya kutoka kambi ya Mandara kwenda kambi ya Horombo, ukateketeza kwa siku kadhaa karibu kilomita za mraba 95 za hifadhi. Mamia ya watu walipanda kuuzima, askari, wahifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, wapagazi, wanavijiji. Oktoba 2022 ukawaka mwingine upande wa Karanga, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Huko hakuna gari wala mpira. Kuna matawi, majembe, mapanga, madumu ya maji mgongoni, na moshi ndani ya vichaka. Horombo iko mita 3,720, na mgandamizo wa hewa pale ni karibu theluthi mbili ya ule wa pwani. Kazi ambayo mtu wa Moshi mjini angeifanya kwa saa nzima, huko inamchosha mapema zaidi, na uchovu ndio unaovunja mwendo. Misuli iliyochoka inachelewa. Inachelewa sehemu ndogo ya sekunde, na kifundo kinageuka kwenye jiwe.

Mtu anayepigana na moto wa mlimani huumia pia akirudi. Kushuka mteremko kunalazimisha misuli ya mbele ya paja ifanye kazi huku inarefushwa, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayochana nyuzi za misuli kuliko nyingine. Askari ambaye mazoezi yake yote ni ya uwanja wa tambarare hajaandaliwa. Tuna miteremko, hatuna haja ya kuinunua: Old Moshi, Uru, Machame, kote. Mara moja kwa wiki, mshuke mteremko kwa mwendo wa polepole mkiwa na mzigo mwepesi, hatua fupi, magoti yamekunja kidogo. Mkianza, anzeni kidogo. Mapaja yatauma kwa siku mbili tatu za kwanza, kisha yatazoea. Na zamu za mlimani ziwe fupi na zibadilishwe kwa saa, mtu asisubiriwe mpaka aseme amechoka. Mwanajeshi hasemi amechoka.

Kuhusu moyo nitapita haraka, ingawa ni mkubwa kuliko mgongo, kwa sababu madaktari watauzungumzia mchana. Utafiti wa Stefanos Kales na wenzake wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba asilimia 32 ya vifo vya wazimamoto wa Marekani vilivyotokana na ugonjwa wa moyo kazini vilitokea wakati wa kuzima moto, ilhali kuzima moto kunachukua asilimia 1 hadi 5 tu ya muda wao wa kazi. Mwendo mzuri unahusika hapa pia: mtu anayetumia misuli sahihi hutumia hewa kidogo zaidi kwa kazi ile ile, na moyo wake hupata nafasi ya kupumua.

Nina neno kwa dada zetu waliovaa sare hii, na kwa kaka zetu wafupi. Suti iliyoshonwa kwa mtu mkubwa kuliko wewe inakunyima goti na bega. Mkanda wa mtungi usiokaa kwenye nyonga unaacha mzigo wote uning'inie mabegani, na buti iliyopita saizi moja ni kifundo kilichoteguka kinachongoja siku. Tunapomwambia askari arekebishe mwendo wake na mavazi hayamruhusu, tunamwonea. Wanaohusika na ununuzi wa vifaa wawapime watu kwanza, ndipo waagize.

Mheshimiwa mgeni rasmi, gharama ya haya yote ni ndogo. Magunia ya mchanga, mipira iliyostaafu, tairi, mpini wa fagio, machela iliyopo. Kinachohitajika ni mtu mmoja katika kila zamu aliyefundishwa kuona. Hapa Moshi tuna chuo kinachofundisha fiziotherapia. Wanafunzi wake wanahitaji mahali pa kujifunzia, na ninyi mnahitaji macho yao. Sioni sababu pande hizi mbili zisiketi mezani kabla mwezi huu haujaisha. Wakati huo huo liwekwe daftari kituoni, la kuandika kila mtu aliyeumia hata kidogo: alikuwa anafanya nini, saa ngapi, mwendo gani, kiungo gani. Si lazima liwe na jina. Hata maumivu ya siku moja yaandikwe. Baada ya mwaka tutajua mgongo wa mzimamoto wa Moshi unaumizwa na nini hasa, na tutaacha kukopa takwimu za Arizona na Florida.

Na aliyeumia asirudishwe kwa tarehe. Arudishwe kwa kazi anayoweza kuifanya. Kabla ya kupanda gari tena, avute mpira uliojaa maji, apande ngazi na mtungi, abebe upande mmoja wa machela na kushuka ngazi, mwenzake akimwangalia. Akiweza bila maumivu na bila kujikinga upande mmoja, yuko tayari. Asipoweza, kuna kazi za ukaguzi wa majengo, za elimu kwa shule, za kutunza vifaa, ambazo jeshi hili linazihitaji kila siku.

Maneno yangu yamekwisha, na jua halijawa kali bado. Naomba zamu mbili za kwanza zivae mavazi kamili zikutane nami uwanjani. Tutaanza na mipini ya fagio, kisha kushuka kwenye gari, kisha watu wanne wanne kwenye machela yenye gunia la kilo 70. Wakufunzi msivae, ninyi mtasimama pembeni na kuniambia mnachokiona. Wenye maumivu ya mgongo au goti leo hii, njooni kwangu kabla hatujaanza.

Asanteni sana.